Mwaka Niliosimama Kila Jumapili

Nafula alikuja Jumamosi asubuhi, nikiwa kwenye kochi langu, na blanketi langu, na chai yangu, yaani mahali ambapo mtu yeyote anayenijua hapa Cheektowaga, ubavuni mwa Buffalo, angenitafuta kwanza na asihangaike kwingine. Mimi si mtu wa kutoka. Watoto wangu husema, kwa Kiingereza chao, kwamba siku nyumba hii ikishika moto wazimamoto watalazimika kunibeba pamoja na kochi, na mimi huwajibu kwa Kiswahili kwamba wasisahau rimoti. Kazi zangu hapa duniani ni mbili tu. Wiki nzima napanga maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na Jumapili mimi ni mkuu wa protokole kanisani, yule mama mwenye mkanda wa bluu begani anayekuonyesha pa kukaa, anayesoma matangazo, na anayewaambia wageni wasimame ili tuwaone. Nafula hakukaa. Alibaki karibu na mlango na koti lake la theluji, viatu vikichuruzika maji kwenye zulia langu, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa naangalia zulia. "Anti," akasema, "baba amepumzika jana." Nikasema pole. Akasema, "Nimekuja kukuomba kesho ututangazie msiba. Mimi huwa kazini hospitali Jumapili nyingi, watu wa kanisa hawanijui vizuri. Nikikaa peke yangu kwenye ile nyumba nitarukwa na akili." Nikamwambia tena pole, halafu nikamwambia, "Nitaona." Akaniangalia. "Utaona nini, Anti?" Kanisani kwetu hakuna sheria ya nani atangaziwe msiba na nani asitangaziwe. Kuna mimi.

Baba yake alikuwa Daktari Barasa, na hilo neno la "nitaona" nilijifunza kwake, huko Columbus, Ohio, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na moja na kiuno. Kiuno kimeondoka, neno limebaki. Hakuwa daktari wa kutibu, alikuwa wa vitabu, na kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nikimtayarishia jibu. Wengine husuka, wengine hushona, mimi jioni nikishaweka miguu juu ya meza nilikuwa natengeneza jibu langu kwa Daktari Barasa, naongeza neno hapa, napunguza pale, kama mtu anayenoa kisu ambacho hana nyama ya kukikatia. Sasa nyama ilikuwa imeletwa mpaka mlangoni. Nafula alipoondoka nilimpigia simu Neema, ambaye yuko Louisville na ndiye mtu pekee aliye hai anayejua habari yote, kwa sababu mwaka ule tulikuwa tunalala chumba kimoja.

"Bon," Neema akasema, kwa kile Kiswahili chetu cha Kongo kilichochanganywa na Kifaransa. Nilisikia mafuta yakichemka nyuma yake. "Ule muzee amekufa kweli?"

"Amekufa."

"Na sasa wanaomba wewe utangaze kilio yake. Wewe. Mapendo." Akacheka mpaka akakohoa. "Donc Mungu iko."

"Nifanye nini?"

"Usitangaze. Na mimi minakuja na motokari toka Louisville, juu nione na macho yangu vile unakosa kutangaza."

Marekani ilitushusha Louisville kwanza, mimi na Neema, tukitoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mahali niliposomea sekondari na kupata hiki Kiswahili kilichonyooka ambacho Neema hukiita Kiswahili cha kupiga pasi. Hatukukaa Louisville hata kipupwe kiishe. Tuliambiwa Columbus kuna kazi za ghala, na kuna kanisa linaloabudu kwa Kiswahili, tukapanda basi. Tulipanga vyumba viwili upande wa Northland, karibu na barabara ya Morse, ghorofani juu ya duka la Kiafrika, kwa hiyo nguo zetu zote mwaka ule zilinuka dagaa, na mtu akituambia tunanuka dagaa tulimshukuru, kwa sababu alikuwa ametusogelea. Zulia lilikuwa na alama ya pasi aliyoiacha mpangaji wa kabla yetu, alama nzima, na ncha yake, na matundu yake ya mvuke. Na kulikuwa na kochi. Jirani yetu Mrundi alikuwa anahama akatuachia, lina rangi ya mchicha uliolala, mguu mmoja ni tofali. Sikuwahi kuishi nyumba yenye kochi. Nililikalia siku ya kwanza nikiwa na koti na viatu, nikasema, Neema, mimi nimefika, ninyi wengine endeleeni na safari.

Kanisa lilikuwa la Wakenya. Walikuwa watu wa kusoma na watu wa maofisi, waliokuja kama wanafunzi na wakabaki, wakakodi ukumbi mrefu nyuma ya duka la fanicha, na Jumapili walivaa suti za kweli. Jumapili ya kwanza mwenyekiti wa baraza la wazee, Daktari Barasa mwenyewe, alishika kipaza sauti, mtu mrefu, miwani, sauti ya kusomea taarifa ya habari, akasema wageni wasimame. Tukasimama, mimi na Neema na familia nyingine mbili za kwetu. Kanisa zima lilitugeukia likatupigia makofi, likatuimbia wimbo wa kukaribisha, mama mmoja akatugawia soda. Nililia. Nilikuwa sijaimbiwa na mtu tangu niache kuwa mtoto. Jumapili ya pili akasema wageni wasimame, nikabaki nimekaa, kwa sababu nilishakaribishwa. Akaniangalia mimi na kunitabasamia, akasubiri. Nikasimama. Makofi, wimbo, soda. Ya tatu vilevile. Kufika Pasaka nilikuwa naijua ile soda jina lake na ukoo wake. Tulikuwa tunaongezeka, maana kila wiki ndege ilishusha watu wetu, na wote tulisimama, safu nzima, mababu, wajawazito, kama watu wanaopigwa picha ya darasa. Kuandikwa kuwa muumini wa pale kulihitaji baraza likupokee, na baraza, chini ya mwenyekiti wake, lilikuwa limeamua lisipokee watu kwa muda. "Tuzoeane kwanza," alisema Daktari Barasa. "Hatuna haraka." Hatukuwa na kura, hatukuwa na kwaya, hatukuwa na zamu ya kuomba. Tulikuwa na soda.

Sasa nikuambie jambo linalofanya nimchukie vizuri zaidi: alikuwa mkarimu. Baada ya ibada alichukua wageni kwenye gari lake, akawapeleka kwake Clintonville, akawalisha. Mimi na Neema tulikwenda karibu kila Jumapili ya mwaka ule. Nyumba ilikuwa ya matofali, mti mkubwa mbele, ndani kuna joto la kweli na si lile letu la kubembeleza. Mama Nafula, mkewe, alikuwa anapika chapati laini unazoweza kuzikunja kama leso, na ndengu, na nyama ya kukaanga na sukuma. Nafula mwenyewe alikuwa na miaka kama saba, anakula chini ya meza na wanasesere wake na kuwajibu wakubwa kwa Kiingereza. Ukutani rafu zilijaa vitabu mpaka juu, na katika migongo ya vitabu vile uso mmoja ulikuwa unajirudia, mzungu mwenye macho ya mtu aliyekosewa heshima. Huyo alikuwa mwanasiasa wa Uingereza, alishakufa, ambaye jina lake sitaliandika hapa kwa sababu kumbukumbu hizi ni zangu na mlango wake naulinda mimi. Daktari alikuwa amesomea kwao huko kabla ya kuja Marekani, na alikuwa anaandika kitabu cha kumpima upya. Mzungu huyo alitumia maisha yake kusema kwamba wageni wamezidi, na kwamba taifa lisilojiamulia lenyewe nani aingie limeshaacha kuwa taifa. Nusu ya nchi yake ilimpenda, nusu ilimwona sumu. Daktari Barasa, mtoto wa Bungoma, alimwona mtu aliyeonewa.

Tulikuwa tunayasikia haya tukiwa na mdomo umejaa. Wageni wake wengine walikuwa Wakenya wenzake, nesi mmoja na kijana wa chuo kikuu aliyeitikia kila kitu, na Daktari aliwasomea kurasa zake huku akitusogezea bakuli. "Ongeza nyama, Mapendo. Sikizeni. Huyu mzee hakusema mgeni ni mtu mbaya. Alisema taifa ni nyumba, na nyumba isiyo na mtu wa kusema nani anaingia si nyumba, ni stendi ya basi. Neema, hiyo pilipili ni kali, chunga."

Neema alikuwa hachungi pilipili wala mdomo. "Na hao Waingereza, Daktari," akasema, "wakati balifika kwenu, balipiga hodi?"

Kijana wa chuo alicheka kisha akajizuia. Mama Nafula alicheka ndani ya kitambaa cha vyombo. Daktari hakukasirika, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake kubwa, huwezi kumkasirisha. Aliweka kijiko chini. "Hawakupiga," akasema. "Na babu yangu aliwafungulia. Akawapa maziwa. Miaka michache baadaye alikuwa anachunga ng'ombe wao, kwenye shamba lake mwenyewe. Hayo ya mlango, Neema, mimi sikuyasoma kwa kitabu." Hata Neema alinyamaza, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu Louisville. Halafu Daktari akanimiminia chai, akaniwekea sukari vijiko vitatu bila kuniuliza, kwa sababu alishajua, akanikorogea.

Nimefikiria ile meza sana. Mtu wa kochi ana nafasi ya kufikiri, na siku hizi simu inakuletea mpaka marehemu wakihutubia, kwa hiyo nimemtazama yule mzungu akisema mwenyewe, kwa picha nyeusi na nyeupe, mkono mfukoni. Nilitaka nimkute mpumbavu. Sikumkuta mpumbavu. Mimi natoka Kivu, na mtu wa Kivu hahitaji Mwingereza kumweleza faida ya mpaka. Kwetu majeshi ya majirani yalipita kama watu wanaokata njia kwenye ua wako kwenda sokoni, wakachukua kuku, wakachukua na wenye kuku. Mtu akisema nchi iwe na mlango, na mlango uwe na kitasa, na kitasa kiwe upande wa ndani, mimi ndiye wa kwanza kunyosha mkono. Lakini natoka kulekule ambako pia watu waliambiwa warudi kwao, wakiambiwa na majirani waliokunywa nao maji ya chemchemi moja, na kwao palikuwa hapohapo waliposimama. Kwa hiyo nilipomsikiliza yule mzungu akiongea kuhusu watu kama anaongea kuhusu maji yanayopanda ukutani, nilijua maneno hayo yanakoishia, maana nilikimbia kutoka huko yanakoishia. Alihesabu vizuri, hakutazama nyuso. Hata Daktari alihesabu vizuri. Aliogopa kwamba tukipokelewa tutawazidi na kanisa litageuka, na angalieni hapa Buffalo: kanisa letu lilianzishwa na Warundi wachache wenye adabu, waliopenda ibada fupi, sasa ibada inameza chakula cha mchana na Warundi ndio wanaotafuta pa kukaa. Tulikuwa wengi kweli. Tuligeuza kweli. Yule mzungu nimemsamehe nusu, kwa sababu hakunijua. Daktari alijua naweka vijiko vingapi vya sukari.

Mama yangu alikufa kambini mwezi wa kumi wa mwaka ule. Habari ililetwa kwa simu ya Neema Ijumaa mchana, nikiwa jikoni nakata kitunguu, na nikamaliza kukikata. Sitaki kuandika juu ya mama yangu, si wa kuandikwa, alikuwa wa kukaa naye. Nitaandika juu ya kilio chake. Kwetu mtu akifiwa hapewi maneno mengi, anapewa watu. Watu wanakuja wanajaa nyumba, wanakaa chini, wanapika, wanaongea habari zao za kijinga, wengine wanagombana kuhusu chumvi, na wewe unabebwa na ile kelele mpaka uweze kusimama. Bila watu hakuna kilio, kuna mtu analia. Na huko Columbus watu wetu walikuwa wametawanyika, hatukuwa na namba za simu za wote, tulionana Jumapili tu. Mahali pekee pa kuwaambia wote palikuwa kile kipaza sauti. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, nilimwendea Daktari Barasa mlangoni, nikamwambia mama yangu amefariki, naomba nitangaziwe msiba.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema pole, na najua ilikuwa pole ya kweli, ndiyo inayoniuma. Kisha akasema, "Hilo la kutangaza, tutaona." Nikamuuliza ataona nini. Akashusha sauti, akanieleza kama anavyoeleza mwanafunzi mzuri. "Mapendo, tangazo la msiba ni la waumini. Nikilisoma lako leo, kesho nitasoma la kila mgeni, na nikisoma la kila mgeni, muumini ni nani sasa? Mgeni tunamkaribisha. Msiba ni wa wenye nyumba." Akaingia ndani. Ibada ikaanza, matangazo yakasomwa, kulikuwa na la harusi na la mtu aliyepoteza funguo. Halafu akasema wageni wasimame, na akaniangalia, akanisubiri, na mimi nikasimama. Kanisa likanipigia makofi. Mama wa soda akaniletea soda.

Neema aliwaambia wale wachache aliowawahi mlangoni, na kila mmoja alisema atakuja, na wengi walikuwa na zamu za kazi na hawakuwa na gari. Sisi hatukujua hayo. Tulirudi nyumbani tukafanya kama kwetu: tulitoa vitu vyote sebuleni ili watu wapate pa kukaa. Tulitandika mikeka na mablanketi. Kochi halikuwa na pa kwenda, tukalisukuma nje kwenye roshani, na tofali lake. Tulichemsha sufuria kubwa ya chai, tukaazima vikombe kwa yule mwenye duka la dagaa. Tukakaa ukutani, Neema na mimi, tukangoja watu. Basi la barabara ya Morse lilikuwa linasimama karibu na dirisha letu, kila likisimama tulinyamaza kusikiliza ngazi. Alikuja mzee mmoja wa Uvira, akakaa, akasali, akawahi basi. Mvua ilinyesha. Chai ilipoa tukaipasha, ikapoa tena. Neema alijaribu kuwa watu wengi: alilia, akaimba, akagombana nami kuhusu chumvi ya chakula ambacho hatukupika. Jumatatu tulipoingiza kochi lilikuwa limekunywa mvua yote ya Ohio, na halikukauka tena, lilinuka mpaka tukalitupa. Nilililia lile kochi kwa sauti kubwa, majirani wakagonga ukuta. Neema aliniacha nililie. Alijua nalilia nini.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Clintonville kula, kwa sababu tulikuwa na njaa na tulikuwa wajinga, na kwa sababu nilitaka kumwangalia usoni. Alikuwa kama siku zote. Alisoma kurasa zake. Mama Nafula alinipakulia, kisha akarudi na sufuria akaniongezea kipande kikubwa cha nyama, akaniwekea mkono mgongoni. Hiyo ndiyo rambirambi niliyopata kutoka lile kanisa. Mwaka ulipoisha Neema aliolewa akarudi Louisville, mimi nikaja Buffalo kwa sababu hapakuwa na mtu aliyenijua. Nikanunua kochi kabla ya kitanda.

Miaka ikapita, nikawa Mama Ester, kwa jina la mwanangu wa kwanza, nikapewa mkanda wa bluu. Na Jumapili moja ya baridi, wakati nimeshika kipaza sauti, mlango ukafunguliwa akaingia mzee mrefu na fimbo, akishikwa mkono na binti yake. Miwani ilikuwa minene zaidi, lakini kofia ya sufu aliyokuwa akivaa Columbus ilikuwa ileile, au dada yake. Mama Nafula alikuwa ametangulia mbele za haki, na Nafula alikuwa amemleta baba yake akae naye hapa Cheektowaga. Sikujua hayo bado. Nilijua tu kwamba ni Daktari Barasa. Nikasema, "Wageni wasimame." Akasimama. Tukapiga makofi, tukaimba, akapewa soda. Jumapili iliyofuata nikasema tena, nikamwangalia, nikamsubiri. Akasimama. Na iliyofuata. Ilimchukua muda kusimama, fimbo iliteleza, watu walikuwa tayari wanaimba ubeti wa pili kabla hajanyooka, na mimi nilikuwa naurudisha wa kwanza. Mchungaji akaniuliza, "Mama Ester, yule mzee hatujampokea tu?" Nikasema, "Tuzoeane kwanza, mchungaji. Hatuna haraka." Sikupata maishani mwangu utamu kama ule wa kusema hayo maneno. Nilikwenda nyumbani nikala wali mtupu ukawa na ladha ya sikukuu.

Nilikaa namsubiri alalamike. Nilikuwa na lile jibu langu, limenolewa. Alifanya hivyo majira mawili ya baridi, anasimama, anashukuru kwa kichwa, anakaa, na hakulalamika hata mara moja. Siku moja tu, wakati nawagawia watu chai ukumbini, nilifika kwake, akaniangalia juu ya miwani. "Mapendo," akasema. Hakuwa amewahi kuniita jina tangu aje. "Bado unaweka vijiko vitatu?"

"Sukari nimeachishwa na daktari," nikamwambia. "Daktari wa kutibu."

Akacheka kidogo. "Unaongoza vizuri," akasema. "Nyumba ni yenu. Msiache mlango." Na akanyosha kikombe nimjazie. Nikamjazia, na jibu langu lote la miaka likabaki bila kazi. Alikuwa anakubaliana nami. Nilikuwa nampiga, na yeye anahesabu kila kofi kama ushahidi kwamba kitabu chake kilikuwa sahihi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Nafula alipokuja na viatu vyake vya maji. Neema aliendesha kutoka Louisville akafika jioni, akalala kwenye kochi langu, na asubuhi alivaa kilemba kirefu cha kuonekana kutoka mbali. Nilikwenda kanisani na mawazo yangu yakiwa yameshakata shauri. Nafula alikuwa ameomba ruhusa kazini, amekaa safu ya nyuma peke yake. Nilimwendea, nikainama, nikiwa nimeshaweka sentensi ile mdomoni, kwamba msiba ni wa wenye nyumba. Akaniwahi.

"Anti, kuna kitu baba alinituma. Alisema ukikataa kutangaza nisikukasirikie. Alisema ninyi ndio wenye nyumba, na mwenye nyumba haulizwi."

"Alisema lini?"

"Hospitali. Alikuwa bado na akili zake." Akajifuta pua. "Alikuwa anacheka kidogo."

Nikasimama wima. Alikuwa anacheka. Nilimwona pale kitandani na miwani yake minene, akitabasamu, akinisogezea bakuli. Nikikataa, atakuwa ameshinda. Nikikataa, nitakuwa nimeandika kwa mkono wangu ukurasa wa mwisho wa kile kitabu chake, mimi Mapendo wa Northland, na atalala nao kaburini kama mto. Nilitembea mpaka mbele na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata ile Jumapili ya soda. Nilikikamata kipaza sauti mpaka kikapiga mluzi. Neema, safu ya pili, alinikodolea macho ananingojea nisome matangazo nimruke Daktari.

"Tuna msiba," nikasema.

Kilemba cha Neema kikainuka.

"Tumefiwa na Daktari Barasa. Binti yake ni yule pale nyuma. Nafula, kaa, usisimame, hapa wewe si mgeni. Huyu mzee tulikuwa hatujampokea. Nampokea leo, mimi, mbele yenu, na hakuniomba, na nadhani angekataa. Sasa si wa kuulizwa. Msiba wake ni wetu. Nyumba iko nyuma ya duka kubwa la vifaa vya ujenzi, wenye magari wachukue wasio na magari, na kila mtu aje. Nimesema kila mtu. Nitakuwa mlangoni na nitawaona." Kanisa lote likasimama, kama tunavyofanya jina la marehemu likitajwa, wazee, wajawazito, watoto, safu kwa safu. Safari hii Daktari ndiye hakusimama.

Walijaa ile nyumba mpaka gereji. Nafula alikaa chini katikati ya kina mama asiowajua, mmoja kamwegemeza begani, wengine wakigombana kuhusu chumvi. Mimi nilisimama sebuleni na mkanda wangu wa bluu nikawaamuru vijana wahamishe kochi, lile la ngozi, zuri. Walipolielekeza mlango wa nyuma, kwenye theluji, niliwapigia kelele mpaka watu wakageuka. "Gereji," nikasema. "Kochi halitoki nje. Mkilitoa nje mtanitambua." Neema alinipitia na sinia la sombe, kile kisamvu chetu, hajaniongelesha tangu kanisani.

"Donc umeshindwa kulipiza," akaniambia.

"Angalia watu," nikamwambia. "Angalia walivyojaa. Hakuna hata mmoja aliyealikwa na yule mzee. Angekuwa hai angekuwa anatafuta mlango."

Neema akaangalia. Akaangalia muda mrefu, na mdomo wake ukaanza kupinda. "Bon," akasema, "hiyo ni ubaya," na akanipakulia. Nikala, nikarudisha sahani, nikamwambia aijaze tena. Akaniuliza kama njaa hiyo yote ni yangu. Nikamwambia hii ya pili ni ya mama yangu, ya kilio chake. Aliijaza mpaka juu, akaweka na kipande kikubwa cha nyama, tukaenda kukaa gereji, kwenye kochi la Daktari Barasa, tukala.